Staa Kaagiza Mkono wa Silva, Kwenye Malipo Kaleta "Promo"

Jina kapuni wadau, msinibane. Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, nyimbo zake mnazicheza kila harusi, alimwagiza dada mmoja ninayemheshimu sana sanamu ya mkono wake ukiwa umeshika maiki. Siyo ya mbao wala plasta. Silva tupu. (Tupu ya mtaani hiyo. Kikawaida ni asilimia 92.5 fedha, iliyobaki shaba, maana fedha safi ni laini mno.)

Najua mkisikia silva mnawaza heleni. Lakini Zimbabwe yupo Patrick Mavros, karakana yake ipo nje kidogo ya Harare, na wanyama wake wa fedha wanauzwa mpaka London. Dada naye yupo kwenye mambo hayo hayo, ila yeye ana chumba kimoja uani na tanuri la kuazima.

Nimekesha naye, kwa hiyo msiniambie ni kazi rahisi. Anachonga kwanza nta, kila mshipa, kila kucha. Anaiweka ndani ya mkebe wa chuma, anamiminia plasta maalum, inakauka. Halafu tanuri usiku kucha, moto unapanda polepole, ukiuharakisha plasta inapasuka. Nta yote inayeyuka na kuungua, panabaki uwazi wenye umbo la mkono. Hapo ndipo fedha inamiminwa. Fedha safi inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 961, na kumimina ni suala la sekunde. Ikikwama njiani umepata mkono wenye vidole vitatu. Nta haipo tena, plasta unaivunja. Unaanza upya.

Sasa sikieni hesabu. Gramu moja ya nta inakula kama gramu kumi za silva. Staa alitaka mkono mnene, "uwe mzito nikiushika." Nta ikafika gramu 60. Maana yake zaidi ya gramu 600 za fedha, na dada aliikopa kwa sonara, kwa maneno tu, maana wanafahamiana miaka.

Kazi ikatoka safi. Vidole vyote vitano! Staa akaja, akapiga picha, akaitupia Insta na maneno kwamba ni mzigo kutoka Ulaya. Ulaya ya wapi, kaka? Meneja ndiyo akamaliza kabisa: kianzio kinatosha, iliyobaki "tutakupa promo." Promo ipi, na jina lake hamjalitaja? Kianzio chenyewe kilikuwa cha nta na umeme.

Mimi nilimwambia aanike kila kitu mtandaoni. Akanitazama tu. "Mdogo wangu, sonara hatumii promo." Bahati yake, mzigo alikuwa bado hajaukabidhi.

Wiki iliyofuata akaukata mkono vipande, akaviweka kwenye chungu cha kuyeyushia, akawasha moto. Nilitoka nje, sikuweza kuangalia. Miezi miwili ya kazi, kucha zile zote. Fedha ina ukatili wake, inarudi kuwa bonge kama vile hakuna aliyewahi kuigusa.

Sonara alipopima ikapungua kidogo. Dada akatoa kwenye mkoba kijipakiti cha karatasi, unga wa tupa wote aliokuwa ameukusanya sakafuni, akaumwaga kwenye mizani.