Mkanda na Vipimo Vyake

Likizo moja nilikaa Kigobe, mjini Bujumbura, kwa mjomba wangu, si mbali na jumba la Bunge. Uani ana karakana, na ndani yake mashine ndogo kuukuu ya kuchonga chuma, iendeshwayo kwa mkanda. Kibao chake cha vipimo kimefutika, hata herufi moja haisomeki.

Siku moja alitoka, akaniachia nisawazishe kipande cha chuma cha kinu cha mama mmoja muuza unga. Akaniagiza, "Mpwa wangu, mkanda ukae ngazi ya chini." Mimi nikauhamishia juu, ili kazi iishe upesi. Punde moshi ukatoka, na meno ya kikatio yakawa buluu, butu kabisa. Nacho kilikuwa kimoja tu!

Mjomba aliporudi nilimweleza kweli yote. Hakunipiga, bali alinipa rula. Mota yake huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Juu, puli zote mbili zina upana wa sentimita 15, basi kikatio nacho huzunguka mara 1,440. Chini, puli ya mota ina sentimita 6, na ya kikatio 24. Mizunguko hushuka kuwa 360. Kikatio kilikuwa cha milimita 20. Kumbe meno yake yalikwenda karibu meta 90 kwa dakika, badala ya 23!

Yule mama alikaa siku tatu bila kusaga, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo, ndugu wasomaji, mashine isiyo na kibao siiwashi kabla sijapima puli zake. Haraka haraka haina baraka.