Mbwa mwoga na bebe: Tusiinyang'anye kengele yake



Mwezi huu nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, mpaka siku linapoleta machozi. Bebe anazaliwa katika nyumba ambayo tayari iko na mbwa, na ile mbwa ni mwoga. Sisemi mbwa mkali. Mbwa mkali kila mtu anaijua na anaifunga. Nasema ile inayojificha chini ya kiti radi ikipiga juu ya manjanja, inayorudi nyuma mgeni akinyoosha mkono, inayotetemeka papa akipandisha sauti. Watu wanasema: "Hii haina neno, ni mwoga tu." Lakini ni hiyo hasa inayotaka macho yetu, juu mara nyingi mbwa ya nyumbani inauma kwa woga, si kwa uovu.

Jamaa za machimbo zinajua habari hii vizuri. Papa anaondoka kwenda upande wa Banalia ao Bafwasende kutafuta zahabu ao almasi. Anakaa miezi, kisha anarudi na mbwa ndogo nyuma ya pikipiki. Ile mbwa imekomaa kwenye karieri, kati ya makelele na mateke, watu wakipita usiku kucha. Sasa inafungwa kamba chini ya mti wa safu ndani ya lopango, na tunataka iwe mpole siku hiyo hiyo.

Sisi watu wa Kisangani tusicheke woga wa nyama. Wale waliokuwa hapa tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, wanajua namna mwili unavyoshika ukumbusho. Kuna wamama ambao mpaka leo upepo ukipiga mlango, moyo unaruka. Hakuna anayewapiga fimbo juu ya kushtuka kule. Na mbwa nayo haikuchagua woga wake.

KENGELE YA MTI

Mbwa yetu inaitwa Kimya. Mkwe wangu alimleta kutoka njia ya Banalia: rangi ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na kubweka hajui. Wazee wanazijua hizi mbwa za pori tangu zamani. Wawindaji wanazifunga kengele ya mti shingoni, juu mbwa isiyobweka ikiingia ndani ya majani marefu, hakuna anayejua iko wapi. Mjerumani Georg Schweinfurth, katika safari yake ya miaka ya 1868 mpaka 1871, alizikuta kwa Wazande, akaandika habari yao pamoja na ile kengele. Mwaka 1937 zilionyeshwa London katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, na leo watu wa inchi za mbali wanazifuga na kuziita basenji.

Nimeleta habari ya kengele kwa sababu moja. Hakuna mwindaji mwenye akili anayekata kengele, kisha anaingia porini na kulalamika kwamba mbwa imepotea. Lakini ndani ya nyumba tunafanya hivyo kila siku. Mbwa ikinguruma karibu na mtoto, tunachukua fimbo. Na kunguruma ndiyo kengele yake! Inasema: "Naogopa, mniondolee huyu, ao mniachie njia." Ukiipiga juu ya kunguruma, woga hautoki. Unaongezeka, maana sasa bebe akikaribia, fimbo pia inakaribia. Kitakachotoka ni sauti tu. Siku nyingine mbwa itauma bila kuonya, na watu watasema: "Imeuma bure, haikuwa na neno!" Ilikuwa na neno. Ni sisi tuliolinyamazisha.

Juma la pili nyuma ya binti yangu kutoka maternite na mtoto, Kimya alinguruma. Kaka ya bebe, wa miaka mitatu, alikuwa amemvuta mkia karibu na mkeka. Kijana wetu mkubwa akakamata mwiko wa bugali. Nikamwambia: "Acha, yaya. Toa kwanza mtoto, kisha fungulia mbwa mlango." Kimya akatoka mbio mpaka nyuma ya jikoni, akalala. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeumwa.

Mbele ya kunguruma kuna kengele nyingine ndogo, zisizo na sauti. Jifunzeni kuziona, na vijana mjifunze pia. Mbwa inageuza kichwa pembeni. Inapiga mihayo na haina usingizi. Inalamba midomo na hakuna chakula. Mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, weupe wa jicho unaonekana. Na ile ya hatari kuliko zote: inakauka kama mti, haipumui vizuri, inatazama tu. Ukiona hivyo, usingoje. Chukua bebe polepole, bila kelele, na uachie mbwa njia ya kutoka.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, anzeni mbele ya kuzaa. Kama mbwa inalala ndani na mnataka ilale nje, mubadilishe miezi miwili mbele, si siku ile bebe anaingia. Ikipoteza pahali pake siku moja na kilio kipya kuanza, woga unakuwa mara mbili.

Pili, harufu itangulie mtoto. Mama akiwa bado maternite, mtu alete nyumbani kikwembe kidogo kilichofunika bebe. Kiweke chini, pembeni weka kipande cha samaki. Mbwa ije yenyewe, inuse, iende. Usimshike bebe na kusukuma miguu yake kwenye pua ya mbwa eti "wajuane". Mbwa mwoga inataka kujua kitu kwa wakati wake.

Tatu, mbwa iwe na pahali pake: kona nyuma ya jikoni, gunia la zamani, sanduku. Ni sheria ya nyumba kwamba hakuna mtoto anayeingia pale, wala kuisumbua ikila ao ikilala. Na kamba fupi si dawa. Mbwa mwoga ikiona hatari inachagua kukimbia; ikiwa imefungwa, inabaki na meno tu.

Ine, na hii ni kubwa kuliko zote: bebe na mbwa wasibaki peke yao hata dakika moja. Mama akienda kuchota maji, ao bebe anapanda mgongoni, ao mbwa inafungiwa nje ya mlango. Ukitwanga mihogo na mtoto amelala kwenye mkeka, mbwa iwe upande mwingine wa mlango. Wala tusiseme: "Dada yake yuko." Mtoto wa miaka sita si mlinzi, naye ni mtoto. Mtu mzima awe pale, macho yake pale.

Tano, bebe akiwa karibu, mbwa ione mema. Sisi tulimpa Kimya chakula chake wakati binti yangu anaketi na mtoto kwenye kiti, mbali hatua tano ao sita, kwa sauti ya upole. Mtoto akiingia ndani, chakula kinaisha. Kidogo kidogo mbwa inajifunza kwamba huyu mtu mdogo anayelia analeta samaki, si fimbo.

Sita, msisinzie miezi ikipita. Wengi wanafurahi: "Miezi sita, na hakuna shida!" Lakini mpaka pale mtoto alikuwa analala tu. Anapoanza kutambaa anafuata mbwa mpaka kona yake, anashika sikio, anavuta mkia, anaweka mkono ndani ya sahani. Wakati ule ndio wa kuongeza macho na kuweka kizuizi cha mbao kwenye mlango.

MANENO YA JIRANI

Jirani mmoja alipomsikia Kimya akinguruma, alikuja jioni akatuambia kwa sauti ya chini: "Mama, mbwa inaona vitu. Kama inamunguruma mutoto, muangalie vizuri ule mutoto." Mumesikia maneno kama hayo, nami pia. Binti yangu hakulala usiku ule.

Wasomaji, mbwa si nabii. Inanguruma kwa sababu ya kilio, harufu mpya, mkia uliovutwa. Kumtia mtoto mdogo jina la uchawi kwa sababu mbwa imeogopa ni dhambi, na ni kosa mbele ya sheria: Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 inatoa azabu kwa anayefanya hivyo. Mtu akikuletea neno hilo, mfungie mlango kwa heshima, kisha umwonyeshe mkia wa mbwa.

AFYA

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungali unaua watu katika Afrika, na watoto ndio wanaoumwa sana. Dalili zake zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuiwa. Mbwa ipate chanjo ikifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ulizeni kwa dokta wa nyama. Mtoto akiumwa, ao mbwa ikimlamba juu ya kidonda, osha pale na sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mwende siku ile ile kwenye kituo cha afya kuuliza chanjo. Msitie mafuta wala dawa ya majani, msingoje kuona kama mbwa itakufa. Tena mpe mbwa dawa ya minyoo, fagieni mavi yake kila siku pale mtoto anapotambaa, wala isilambe mdomo wa bebe.

KAMA HAIWEZEKANI

Tuseme ukweli. Kuna mbwa zisizoweza kukaa na mtoto. Kama imekwisha kuuma, ao inamfuata bebe kwa macho na mwili umekauka hata akiwa mbali, usijaribu bahati. Itafutie nyumba ya watu wazima, umwambie mwenyeji habari zote bila kuficha. Kuitupa sokoni ni kumpelekea mtoto wa mwingine hatari yako.

Lakini mbwa nyingi zinaweza, kama sisi wakubwa tunakubali kufanya kazi. Katika kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba kijana Tobia alisafiri pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa ikawafuata njiani. Malaika hakuifukuza.

Vijana, ninyi ndio mnaobaki nyumbani papa akiwa karieri na mama akiwa sokoni. Kesho asubuhi, mbele ya kwenda masomo, mtazame mbwa yenu dakika tano bila kuisemesha. Mtazame mkia, masikio, macho. Kisha mumwambie mama mlichokiona.

Bwana awabariki ninyi, watoto wenu, na vyote vilivyo ndani ya lopango zenu.