Kifuniko Usikikaze

Mama alipika komoni Namtumbo. Mteja aliyekuja na dumu hakuulizwa kwanza anataka lita ngapi. Aliulizwa, "Unakwenda kuinywa lini?"

Wa kunywa palepale alipewa iliyoiva. Mwenye safari ya Songea, kilomita zipatazo 70, aliwekewa changa, ingali na utamu wa togwa. "Hii itaivia njiani," Mama alimwambia. "Kifuniko usikikaze."

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula, na maabara inanipa majina ya mambo aliyoyajua. Kimea cha ulezi hugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi na gesi. Komoni ikishaiva haipikwi tena, kwa hiyo ndani ya dumu hamira bado iko hai, kazi inaendelea. Ukikaza kifuniko, dumu linavimba. Ukilibakiza nusu, hewa iliyoingia inawapa nafasi bakteria wa siki.

Bia ya kiwandani huandikwa tarehe kwenye chupa. Ya Mama ilikuwa na saa tu, na saa hiyo mnunuzi aliijua kwa mdomo wake. Kwa hiyo iliyopitiliza aliimwaga, hata wiki ambayo ada yangu ya sekondari ilikuwa haijatimia. Nilimsihi aiuze kwa bei ya chini.

"Ada inakopeka, mwanangu," alinijibu. "Mteja akishakukimbia, utamkopa kwa nani?"