Kaisar au Chesar: Umejuaje?

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya seminari, nilipoadhibiwa kwa sababu ya neno moja. Mwalimu wetu wa Kilatini aliniita nisome kwa sauti, nami nilipofika kwenye neno Caesar nikatamka "Kaisar". Sikuwa mjuaji, nilikuwa nimemzoea Kaisari wa Biblia ya Kiswahili. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniamuru niandike neno hilo mara mia moja, nikilitamka "Chesar" kila nilipoliandika. Nilipothubutu kuuliza amejuaje kwamba Warumi walitamka hivyo, mia moja ikawa mia mbili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mhadhiri, nilianza kujifunza Kilatini upya, safari hii kwa matamshi ya zama za Cicero, yaani karne ya kwanza kabla ya Kristo. Nikakuta kwamba herufi c ilitamkwa k kila mahali, hata mbele ya e na i, na v ilitamkwa w. Cicero alikuwa "Kikero". Vinum, yaani divai, ilikuwa "winum". Kilichonivutia zaidi ni ushahidi. Wagiriki waliliandika jina la Cicero kwa k yao, na jina Valerius wakaliandika Oualerios. Wajerumani walilichukua jina la Caesar wakapata Kaiser. Agano Jipya nalo liliandikwa kwa Kigiriki, ndiyo maana Kaisari wetu amebaki na k yake. Ama urefu wa irabu, huo unathibitishwa na mizani ya mashairi ya Warumi wenyewe.

Hata hivyo, sikutoka mshindi. Sisi Waswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi nikawa nasema "kiKEro", kumbe mkazo uko mwanzoni: "KIkero". Malum yenye a fupi ni uovu. Yenye a ndefu ni tufaha. Nilizichanganya kwa miezi kadhaa, mpaka nilipojiuliza ningemwonaje mgeni asiyetofautisha kufa na kufaa.

Wala mwalimu wangu hakuwa amekosea katika kutamka. Lugha hubadilika, c ile ililainika karne kadhaa baada ya Cicero, na Kanisa likayalea matamshi ya Kiroma, yanayofuata Kiitalia. Mwaka 1912 Papa Pio X alimwandikia Askofu Mkuu wa Bourges, Ufaransa, akiyasifu matamshi hayo. Mwalimu angeweza kunieleza hayo kwa dakika mbili. Kosa lake lilikuwa jingine: aliulizwa "umejuaje?" akajibu kwa adhabu.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1528 Erasmus alichapisha kitabu cha kutetea matamshi ya kale ya Kilatini na Kigiriki. Wasomi wa Cambridge walipoanza kuyatumia katika Kigiriki, mkuu wa chuo hicho, Stephen Gardiner, aliyapiga marufuku mwaka 1542, na wanafunzi wadogo watakaokaidi wakatishiwa viboko. Amri hunyamazisha kinywa, ushahidi haiugusi. Leo wanaosoma Kilatini cha kale vyuoni hutamka "Kikero" bila kumwogopa mtu.

Nayaandika haya kwa sababu nami nina deni. Muhula mmoja mwanafunzi wangu aliwasilisha mada kwenye semina akichanganya r na l, kama wasemavyo watu wa kwao. Nilimkatiza nikamsahihisha mara tatu. Wenzake wakacheka, nami nikatabasamu. Hakuzungumza tena darasani hadi muhula ukaisha. Mada yake ilihusu maji vijijini. Sikumbuki hoja yake hata moja. Nakumbuka r zake tu.

Sisemi kwamba usanifu wa lugha hauna maana. Mimi mwenyewe bado nasahihisha insha kwa kalamu nyekundu. Lakini aliyepewa mamlaka ya kusahihisha, awe mwalimu, ofisa wa serikali au kiongozi wa harakati, anadaiwa mambo mawili: amsikilize kwanza msemaji mpaka amalize, kisha awe tayari kuulizwa amejuaje. Mwanafunzi yule angeniuliza siku ile kwa nini lafudhi yangu ndiyo kipimo cha yake, nahofia nami ningemwandikisha mara mia mbili.