Mikono ya Mwosha



Nilipokuwa darasa la sita, mwenzangu mmoja aliyakataa mahamri niliyomkaribisha. Alisema yamekandwa kwa mikono ioshayo maiti. Ni kweli, mamangu alikuwa mwosha wa wanawake mtaani kwetu. Jioni ile nilimwomba asije tena kunichukua shuleni. Hakuuliza sababu, wala hakuja tena.

Miaka mingi baadaye, binti yangu aliniwekea filamu ya Kijapani iitwayo Okuribito, iliyoongozwa na Yojiro Takita mwaka 2008, nayo ikatunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2009. Nilidhani ni hadithi ya muziki tu. Daigo ni mpiga sello, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kuketi, katika okestra ya Tokyo. Wasikilizaji ni haba na okestra inavunjwa. Anaiuza sello yake ya thamani, kisha anarejea na mkewe kwao Yamagata. Huko anasoma tangazo la kazi lenye kutaja safari, akaenda akidhani ni wakala wa usafiri. Kumbe wasafiri wenyewe ni maiti, na kazi ni kuwaandaa kabla ya kutiwa jenezani.

Tulicheka sana alipolazwa mbele ya kamera ajifanye maiti, mwajiri wake akimnyoa ndevu hata akamkata. Lakini kicheko kilinikauka mkewe alipoitambua kazi ile, akamwambia asimguse, kwani ni najisi. Nilijiona mimi, ndani ya sare zangu za shule.

Daigo haachi. Huipiga sello ndogo ya utotoni mwake, na kwa mikono iyo hiyo humwandaa marehemu mbele ya jamaa zake, taratibu, pasi na kuufichua mwili. Mila zao si zetu, kwani sisi huoshea nyuma ya pazia; lakini stara ile niliitambua. Mkewe naye aliitambua siku alipomwona akimwandaa bibi mmoja waliyemjua.

Asubuhi yake nilimwendea mamangu, nikamwomba radhi kwa ajili ya siku ile ya shule. Akasema ameshaisahau. Kisha akataja rangi ya mkoba niliokuwa nimeubeba.

Tulinyamaza kitambo. Ndipo akasema, "Mwosha huoshwa, mwanangu. Nami nataka unioshe wewe."

Nikamjibu kwamba sijui.

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Haikupita wiki, jirani yetu mmoja alifariki dunia. Mamangu hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, hivyo aliketi kitini nyuma ya pazia akinielekeza: upande wa kulia kwanza, maji yenye majani ya mkunazi, na ya mwisho yatiwe karafuu maiti. Mkono wangu wenye kata ya maji ulitetemeka. Akaunyosha wake, akaushika.