Ladha Iliyobaki Baada ya Lamu

Kila Mfungo Sita wageni humiminika Lamu kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Nasi tulihudhuria. Tulinyunyiziwa marashi, tukafukizwa udi, tukanywa kahawa chungu kwa halua. Tulipovuka maji kurudi Mokowe, utamu wa halua ulikwisha kinywani, bali udi ungali ukinukia katika kanzu zetu. Harufu hiyo nayo hutoka nguo ifuliwapo. Kilichosalia moyoni ni kwamba watu wasiotujua walitulaza na kutulisha kwa mapenzi ya Mtume (S.A.W.). Utamu huo ni deni. Basi, enyi vijana, mgeni abishapo hodi kwenu, mkaribisheni vivyo hivyo. Wabillahi tawfiq.