Jabali Lenye Sauti Laini

Jabali, kwa watu wa pwani, ni mwamba usiotikisika: mawimbi hulipiga mchana kutwa, nalo hubaki palepale. Kwa hiyo, anayeambiwa kwamba Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki hutarajia sauti nene, sauti ya kuamrisha. Akisikiliza, hustaajabu. Sauti ile ni laini. Haigombi wala haijitutumui. Huingia baada ya magitaa kutandika jamvi, kama mgeni aliyepiga hodi akasubiri kuitikiwa. Mashabiki wa Dar es Salaam hawakukosea walipompa lakabu hiyo, ila nguvu waliyoisikia kwake haikuwa nguvu ya kishindo.

Marijani alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Mtaa huo, ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na muziki kabla yake. Dar Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz zilikwisha kuwafunza vijana wa nyumba za vyumba sita kwamba gitaa nalo laweza kusema Kiswahili. Akapitia STC Jazz, na mwaka 1972 akajiunga na Safari Trippers akiwa na umri wa miaka 17 tu. Bendi hiyo ilipovunjika, mwaka 1977 alikuwa mwimbaji wa Dar International, iliyojulikana kwa mtindo wa Super Bomboka. Mwaka uliofuata, 1978, baadhi ya wenzake, akiwamo Abel Balthazar, waliondoka kwenda kuianzisha Mlimani Park. Marijani alibaki. Hapo pia, pengine, lakabu yake ilistahili.

Yupo fundi cherehani mmoja wa Kariakoo, mtu mzima sasa, ambaye mapenzi yake kwa Marijani yamekaa ndani ya kanda moja ya dakika 60. Hiyo ndiyo anayoiita albamu. Mwenye kujua mambo ya santuri anaweza kumcheka, kwa kuwa kanda hiyo haikutolewa na kampuni yoyote, haina picha wala jalada. Ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Lakini kicheko hicho hakitadumu kwa anayekumbuka hali ya siku zile. Bendi za Dar es Salaam zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Wanamuziki waliingia pamoja, wakapiga pamoja, na wimbo ukawa mali ya hewa. Santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi, na mwaka 1977, mwaka uleule wa Dar International, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Basi wasikilizaji wengi hawakuwa na cha kununua. Walikuwa na redio, walikuwa na kanda tupu, na walikuwa na subira ya kuungojea wimbo upite tena. Albamu ya namna hiyo hutungwa na masikio ya anayeipenda.

Na huyu fundi ameitunga kwa utaratibu. Upande wa kwanza ameuweka Safari Trippers: “Rosa Nenda Shule”, “Georgina” na nyinginezo. Upande wa pili ni wa Dar International, nao unaanza na “Zuwena” na kumalizia kwa “Mwanameka”. Vijana wa nyumbani kwake wamemtilia nyimbo hizohizo kwenye simu, na anashukuru. Lakini simu huzichanganya, humtanguliza huyu na kumchelewesha yule. Kwake yeye, kuigeuza kanda ni sehemu ya kuisikiliza. Upande mmoja ni kijana ambaye hajatimiza miaka 20 au ameipita kidogo, anayeimba kama aliyeambiwa asimwamshe mtoto. Upande wa pili ni mtu mzima: sauti ni ileile, lakini sasa inajua kukaa kimya. Huacha tarumbeta zimalize neno, huacha gitaa liulize, ndipo ijibu.

Wapenzi wa ushairi wana la kuokota hapa. Tazama majina tu: Rosa, Georgina, Zuwena, Mwanameka. Mawili yametoka kanisani, moja lina harufu ya Uarabuni, na la nne ni la kipwani kabisa, lenye Makka ndani yake na lile “Mwana” ambalo wasomaji wa Utendi wa Mwana Kupona wanalifahamu vyema. Ukiyapanga, unapata mitaa ya Kariakoo: Mzaramo na Mmanyema, Mhindi wa duka na Mnyamwezi aliyehamia, wote kibaraza kimoja. Marijani hakuandika hotuba juu ya umoja. Aliita watu kwa majina yao.

Na namna anavyoyaita! Katika “Zuwena”, irabu za jina lenyewe, u, e, a, zinafunguka moja baada ya nyingine, nalo jina linavutwa mpaka linakuwa wimbo kabla wimbo haujasema neno jingine. Mshairi wa visiwani, aliyezoea kupima mizani kwa vidole, ataona kwamba mistari ya dansi hailingani, vina vinakuja na kupotea. Ni kweli. Lakini mizani ya nyimbo hizi inashikwa na gitaa la besi, na kina chake ni lile jina linalorudi. Tena, mashairi ya wasia yana desturi ndefu pwani, na mara nyingi anayeusia hukaa juu, anayeusiwa hukaa chini. “Rosa Nenda Shule” ni wasia pia, jina lake linatosha kuonyesha. Ila umeimbwa na kijana kwa kijana mwenziwe, kwa sauti ya aliyekaa naye mkeka mmoja. Hapo ulaini unaacha kuwa pambo la koo na unakuwa adabu. Anayeonya kwa upole anamwachia anayeonywa nafasi ya kujirudi bila aibu.

Msomaji wa Unguja au Pemba atasema kwamba adabu hiyo anaijua kwa taarabu. Anaijua, naam. Tofauti ni kwamba Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliacha sahani ambazo mtu angeweza kuzishika, kuziuza, kuzirithi. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, ulikabidhiwa hifadhi ya redio na kumbukumbu za watu. Kanda zikanakiliwa kutoka kanda, za tatu kutoka za pili, na kila nakala ikimpunguzia mwimbaji pumzi kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999. Marijani alikuwa amefariki tangu Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40.

Hapa ndipo penye uchungu. Katika miaka yake ya mwisho, Jabali alijipatia riziki kwa kuuza kanda za muziki, hapohapo Kariakoo alikozaliwa. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa katika kila kibaraza alikaa na bidhaa yake kama muuza nazi, na wapita njia wengi walikuwa nayo tayari nyumbani, wameipata kwa bei ya kanda tupu. Wala haifai kuwalaani; hawakuibia mtu kwa makusudi, waliokota kilichopita hewani. Lakini mapenzi yasiyolipa nayo ni deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Fundi analipa kwa sarafu aliyonayo. Anayekuja kupimwa suti au gauni, akiuliza ni nani huyo anayeimba, hupewa jina kamili, jina la bendi na upande wa kanda. Haruhusu iitwe “zilipendwa” tu, neno ambalo limefanywa kapu la kutupia watu wasiotajwa. Ni malipo madogo. Familia ya msanii haiwezi kuyala. Hata hivyo nyumba za vibaraza zimevunjwa, maghorofa yamesimama mahali pake, soko lenyewe lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, na katika hayo yote “Zuwena” haijahama. Kumbe jabali halihitaji kuwa gumu ili lidumu. Linahitaji watu wanaokumbuka liko wapi, na wanaolitaja kwa jina lake.